Kasoro Kwanza, Filamu Baadaye

Watu wa Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wanamjua Godeberthe kwa sauti kabla ya sura. Ukipita karibu na kibanda cha filamu cha Baudouin Alhamisi mchana, utasikia anagombana na majambazi, analia na wajane, anabembeleza watoto wachanga, na wote hao wanatoka katika koo moja la mama wa miaka hamsini na miwili, mkulima wa maharage, Mrundi wa Makamba. Filamu nyingi zinazofika Nakivale zinasema Kiingereza, au Kikorea, au zimetafsiriwa kwa Kiganda, na mtu aliyetoka Kivu juzi hajui hata kimoja. Basi Godeberthe hushika maiki, husimama kando ya televisheni, na kuwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili. Alikulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake ni cha kweli, si cha kuungaunga.

Ana desturi moja inayowashangaza wageni. Kabla filamu haijaanza, hutaja kasoro zake zote. "Huyu askari mtamwona amevaa ndala, msiniulize. Yule maiti anapumua, mimi mwenyewe nimemwona. Harusi ina wageni sita, na msiba una wageni sita walewale." Watu hucheka mpaka wachoke, na wakishachoka hutulia wakatazama.

Desturi hiyo hakuzaliwa nayo. Mwaka wa kwanza alisifu filamu ambayo hakuwa ameiona, kwa neno la Mutabazi tu, kijana wa mjini Mbarara anayewawekea watu filamu kwenye flashi na kumwita kila mwanamke nyabo, yaani mama. "Hiyo iko safi, nyabo, haina shida." Haina shida! Nusu saa ya mwisho haikuwemo. Picha ikazimika, watu wakaanza kugonga benchi, na Godeberthe, Mungu amsamehe, akatunga mwisho kichwani mwake akausimulia palepale. Bibi harusi akaolewa, mwizi akafungwa, kila mtu akapata haki yake. Akasimama mama mmoja aliyekuwa ameiona filamu hiyo kwa dada yake Isingiro: "Mwongo! Bibi harusi anakufa!" Aibu ile aliila mwezi mzima. Tangu hapo haonyeshi filamu ambayo hajaitazama kwanza nyumbani kwake, na kasoro anaziweka juu kabisa, kama muuza maharage anayekuonyesha yaliyotobolewa kabla hujafungua mfuko.

Sasa Baudouin alikuwa amechoka. Si mtu mbaya huyu Mkongomani, ila biashara yake ina sikio moja, na sikio hilo ni la vijana. Siku sita za wiki ni mpira na filamu za vita. Alhamisi peke yake ni ya akina mama.

"Mama Larissa," alimwambia Jumatatu, kwa jina la binti yake mkubwa kama watu wote wanavyomwita, "ba mama bako banakuja kumi, kumi na mbili. Benchi zinabakia bure. Vijana bananiomba ile siku kwa mpira. Kama wiki hii kibanda hakijai, ao watu banatoka mbele ya mwisho, Alhamisi naipa vijana. Na wewe, filamu unazitukanaka kwanza! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Basi mimi nitakitembeza," alijibu Godeberthe.

Alijibu kwa ukali, lakini njiani kurudi nyumbani alianza kuhesabu atakachopoteza. Mumewe Nicodème alipofariki, alikaa mwaka mzima bila kusema zaidi ya "asante" na "tupo". Alhamisi ndiyo iliyomrudishia koo lake. Tena hakuwa peke yake. Wako mama wa Juru ambao saa mbili zile ndizo pekee katika wiki wanapokaa chini bila jembe wala mtoto. Wanyang'anywe hizo kwa ajili ya mpira? Thubutu! Alisema haitatokea, na alisema kwa sauti, njiani, peke yake, hata mwenye baiskeli aliyekuwa akipita akageuka.

Jumanne alikwenda Mbarara. Mutabazi alimpokea kwa furaha. "Iko hii ya Kikorea, nyabo, moto sana. Watu watajaa."

"Na hiyo nyingine hapo chini?"

"Hiyo acha. Ni vijana wa hapa Isingiro walitengeneza, iko ya Kinyankole. Kupigana hakuna, mapenzi hakuna. Hata mimi nililala."

"Niwekee zote mbili."

Ile ya Kikorea ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na alikuwa ameisahau kabla betri ya sola haijaisha. Ile ya Isingiro ilikuwa mbovu, mbovu kwelikweli. Ng'ombe mweusi asubuhi, jioni kahawia. Mwigizaji mmoja alikuwa mwana, na alikuwa daktari pia, daktari kabandikwa masharubu. Halafu, katikati ya uchafu wote huo, kijana aliyepotea miaka saba anasimama mlangoni pa jikoni. Mama yake anamenya matoke. Hamsalimu. Anamenya la kwanza, la pili, la tano, anavuta mengine, na mtoto bado amesimama. Dakika nne bila neno, mpaka kikapu kizima kinaisha. Hapo mama anainua uso na kusema kitu, na hapohapo, penye utamu wote, sauti inakatika. Midomo inacheza tu. Godeberthe aliirudia sehemu hiyo mara tatu, na maharage yake yakaungua mekoni asisikie hata harufu.

"Yesu Maria," alisema. "Hii ndiyo."

Kinyankole alikuwa nacho cha kutosha, alikiokota sokoni. Shida ilikuwa zile dakika nne. Msemaji wa filamu akinyamaza, watu hudhani amekufa. Jumatano nzima alijaribu kumtungia yule mama maneno huku akipalilia. "Mwanangu, umeniua." Hapana. "Ulikuwa wapi?" Hapana, hapana. Kila neno lilikuwa kama chumvi ya pili kwenye mboga. Mwishowe akachoma jembe ardhini. Atanyamaza, na Baudouin apasuke akitaka.

Jioni hiyo na asubuhi iliyofuata alizunguka Juru nyumba kwa nyumba. "Alhamisi hii mchana kuna filamu mbovu. Njoo uione." Watu walicheka, lakini walikuja. Alikuja Eugénie, muuza nyanya mwenye ulimi wa kufukuza mbwa, akiwa na wenzake sita. Alikuja hata Orpa, ambaye mtoto wake aliondoka kutafuta kazi mwaka wa sita sasa na hajapiga simu, na ambaye kwa kawaida haendi popote isipokuwa kanisani. Benchi zikajaa. Godeberthe akataja kasoro zote: ng'ombe, masharubu, kila kitu. "Na mahali pazuri kuliko pote sauti itakatika. Anayetaka kuondoka aondoke sasa." Hakuna aliyeinuka.

Ilikwenda vizuri. Ng'ombe alipobadilika rangi walipiga makofi. Kisha kijana akafika mlangoni pa jikoni, na Godeberthe akaishusha maiki.

Dakika ya kwanza walingoja. Ya pili wakaanza kugeukiana.

"Mikro imekufa!" akaita Eugénie. "Mama Larissa, unalala?"

"Songesha mbele!" akasema mwingine. "Tulikuja kuangalia mutu anamenya ndizi? Ndizi ziko mingi kwetu!"

Baudouin akaja mbio, akashika nyaya, akakuta nzima. "Sema kitu," akamnong'oneza. "Sema hata bongo! Batatoka!" Bongo, kwa Wakongomani, ni uongo. Akanyoosha mkono kumnyang'anya rimoti. Godeberthe akaichomeka kiunoni, ndani ya fundo la kitenge, mahali ambapo mwanamume mwenye heshima zake hatii mkono, akamtazama bila kupepesa. Mama mmoja wa benchi ya nyuma alikuwa ameshainuka, anajifunga kitenge aondoke.

"Angalia," akasema Eugénie, safari hii kwa sauti ndogo. "Huyu mama hamumenyei ya leo tu. Anamumenyea yote, ya miaka yote saba."

Aliyeinuka akabaki amesimama. Wote wakageukia televisheni tena, hata Baudouin. Ndizi za mwisho zikamenywa. Mama akainua uso, midomo ikacheza, sauti hakuna.

"Amesema nini?" wakauliza kwa pamoja. "Mama Larissa, amesema nini?"

Kuwajibu kulikuwa rahisi, Mungu anajua. Alikuwa na maneno kumi tayari, na Baudouin alikuwa anamkonyeza kwa macho yote mawili.

"Sijui," alisema. "Sauti haipo. Nimeona midomo kama nyinyi."

Loo, ukazuka ugomvi! Amesema karibu. Karibu wapi, amesema toka! Amemuuliza habari ya ng'ombe. Amemtukana, na ingekuwa mimi ningemtukana mara mbili. Filamu iliendelea, daktari akapita na masharubu yake, na hakuna aliyemtazama. Ilifika mwisho wakiwa bado wanagombana.

"Hapana," akasema mtu, si kwa nguvu. Alikuwa Orpa. "Hakusema mambo mingi. Amemuuliza kama amekula." Akafikiri kidogo. "Ni ile tu ndiyo mutu anaweza kusema."

Eugénie alijifuta uso kwa ncha ya kitenge na kusema kwamba filamu hii ni mbovu kuliko zote alizoziona tangu avuke mpaka.

Nje, vijana walikuwa wameanza kugonga bati. Mpira ulikuwa unakaribia, na Baudouin akafungua mlango awaingize.

"Funga!" wakasema akina mama. Walisema wote, na hakuna aliyeinuka kwenye benchi. Baudouin akawatazama, akahesabu vichwa kwa macho, akawageukia vijana akawaambia waende kwingine. Kisha akaufunga mlango.

"Rudisha pale kwa ndizi," akasema Orpa.

Godeberthe akatoa rimoti kiunoni, akairudisha filamu mpaka kwenye ndizi ya kwanza. Halafu akaiweka maiki chini, wakamsogezea nafasi kwenye benchi, akaketi.