Nilitia jivu kwenye tangi la samaki la Hajati, na leo bustani yote ya nyuma ni yangu

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Nasoma humu muda mrefu ila sijawahi kuandika. Niliishia darasa la sita na naandika polepole, uzi huu nimeuandika siku nne. Kwa hiyo mnivumilie. Ninachowapa ni kile kilichonitokea, sijaongeza chumvi.

Mimi ni binti, jina langu Odeta. Nilikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, tukarudi Burundi na mama, tukakaa Muyinga. Mama analima. Mimi napenda mimea ya aina zote, ya kula na ya kutazama tu. Napanda kwenye mabidoni, yaani madumu, ya njano yaliyokatwa.

Shida yangu ni aibu. Mtu akinitazama usoni maneno yanakwama. Nikiwa na miche naongea nayo vizuri kabisa, watu ndio wananishinda.

Mwaka jana nikapata kazi Gitega, mtaa wa Yoba, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja tunamwita Hajati. Ni mfanyabiashara, kwao ni Muyinga pia, na Kiswahili chake anakichanganya na Kirundi na Kifaransa. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kumwagilia maua ya mbele. Nilikuwa kwenye majaribio.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kitupu, kimejaa matofali yaliyovunjika. Kila nikipita pale nilikuwa nakipanda kwa macho. Huku lengalenga (kule Tanzania tunaita mchicha), kule nyanya, pembeni maua meupe ya bondeni. Nilikitaka kile kiwanja kuliko kitu chochote, ila sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa tuje kwenye tangi.

Hajati alikuwa anamuoza binti yake, na wakwe walikuwa wanakuja kupokelewa pale pale. Akanunua tangi kubwa la kioo, akaliweka mapokezi, na samaki wadogo wa rangi ya machungwa. Wakwe wakiingia tu, kitu cha kwanza wakione kile.

Kulikuwa na fundi aliyelileta kutoka Bujumbura. Kila mtu alimwita Tekinisiye, mwenyewe alipenda hivyo. Aliweka changarawe za bluu, pampu ya hewa, na mimea mizuri sana yenye majani marefu, mistari myeupe pembeni.

Nilipoiona ile mimea nikasogea karibu. Niliijua. Niliwahi kuiona kwenye chungu, barazani pa duka la dawa kule Muyinga. Ni mmea wa nchi kavu.

Wakuu, nilikuwa nimesimama pale na ufagio. Ningesema neno moja tu. Sikusema. Nikajiambia, yule amesoma, mimi nani.

Wiki moja, majani yakaanza kuwa kama mlenda. Wiki ya pili maji yananuka. Tekinisiye akaja, akamwaga maji yote, akajaza mengine ya bomba moja kwa moja, akadondoshea dawa kidogo, akaweka mimea mingine ya mistari. Kesho yake samaki watatu wamegeuka tumbo juu.

Ikawa hivyo mara tatu. Samaki wanakufa, analeta wengine.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo la kambini.

Kambini maji ya bomba yalikuwa na dawa kali, ukifungua yananuka. Mama yangu hakuwahi kumwagilia kitalu na maji yale yakiwa mapya. Aliyaweka kwenye beseni pana, wazi, juani, mpaka kesho. Alisema yanapumzika. Hata Yoba mimi nilifanya hivyo hivyo, mabeseni mawili kila siku nyuma ya jiko.

Hajati alikuwa ananicheka. "We Odeta, haya maji iko inakufanyia nini hapa? Imechoka?"

"Yanapumzika, Hajati."

"Mana yanje! Hata maji ya Watanzania iko na likizo!"

Mpishi, mzee Saidi, alicheka mpaka akaacha vitunguu viungue.

Basi siku moja, zimebaki wiki tatu kufika harusi, samaki wakafa tena. Hajati akasimama mbele ya tangi na mikono kiunoni.

"Mais, hii kitu itaniaibisha mbele ya wakwe. Jumamosi naiondoa. Naweka sofa."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema, huku natazama sakafu, "Hajati, niachie mimi nijaribu."

Akanigeukia. "We?"

"Ndiyo."

"Sawa. Wakwe wakikuta iko kijani na samaki wazima, omba unachotaka. Wakikuta imekufa, unarudi kwa mama yako Muyinga. Tumesikilizana?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake nikapanda gari la Muyinga kupitia Karuzi, nikashuka kwa mama. Chini ya kwetu kuna bonde la mpunga, huku wanaita mwonga. Kwenye mifereji yake kuna majani yanayoishi ndani ya maji muda wote. Moja ni laini kama mkia wa paka, halina hata mizizi. Lingine ni refu kama utepe.

Nilijua ni ya maji kweli kwa jambo moja dogo. Mmea wa maji ukiuvuta nje, unalala. Hauna mfupa. Unakuwa kama nywele zilizolowa. Ule wa Tekinisiye ukiutoa nje unasimama wima kama askari.

Mama akanisaidia kuchuma kwenye mfereji wa juu, ambao hakuna anayepuliza dawa ya wadudu karibu. Tukayaosha, tukayaweka kwenye ndoo siku tatu, kila asubuhi tunatazama kama kuna ruba. Tulitoa wawili. Msiruke hatua hii wakuu, ruba kwenye tangi ni msiba.

Kwenye gari la kurudi nilipakata ndoo. Jirani yangu akafunua mfuniko, akachungulia. "Dada, hii isombe yako mbona haijatwangwa?"

Isombe ndiyo kisamvu; nilicheka kimoyomoyo mpaka Gitega.

Nikang'oa ile ya mistari, nikasafisha changarawe, nikajaza maji yaliyopumzika, nikapanda majani ya mwonga. Samaki waliokuwa wamebaki ni kumi na mmoja. Siku mbili za kwanza kila kitu safi.

Siku ya tatu niliona ncha za majani zimekuwa za njano kidogo. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Sisi kwetu huwezi kupanda kitu bila jivu. Mama anaweka jivu la kuni kwenye kila shimo la mche. Bibi yangu alifanya hivyo. Linalisha, linafukuza wadudu. Mkono wangu umezoea. Nikachota jivu jikoni kwa mzee Saidi, ngumi nne, nikalifukia chini ya changarawe kwenye kila pembe ya tangi. Nikalala na raha.

Asubuhi maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikatia kidole, yanateleza kama yana sabuni, magadi ya jivu yalikuwa yameyeyuka humo. Samaki wote wako juu, midomo nje, wanapumua kama waliokimbizwa.

Sikupiga kelele. Nilikimbia nyuma ya jiko, nikavuta yale mabeseni mawili, nikaanza kuwahamisha mmoja mmoja na kichujio cha chai. Mzee Saidi akaja akashika tochi ya simu ili tuone waliojificha kwenye majani. Kumi wakapona. Mmoja, yule mkubwa mwenye doa jeusi, alikuwa ameshakufa.

Kama si yale maji yaliyopumzika, wangekufa wote. Ningewaweka wapi?

Hajati alikuwa amekwenda sokoni. Mzee Saidi akanishika bega.

"Binti yangu, sikiliza. Huyu alikufa uzee. Mi ni shahidi. Alikuwa mzee sana, hata miwani alikuwa anatafuta."

Wakuu, nilitamani. Kiwanja changu kilikuwa kinaondoka naona. Kusema "uzee" ni neno moja.

Lakini nikafikiria. Tayari nilikuwa nimenyamaza mara moja, siku ya ile mimea ya mistari, na samaki wangapi walikufa kwa ajili ya mdomo wangu? Nikinyamaza tena, mimi na Tekinisiye tofauti yetu nini?

Ila kuongea siwezi. Nikachukua karatasi iliyokuwa imefungia mkate, nikaandika. Ilinichukua muda mrefu, mzee Saidi alimaliza kumenya viazi vyote. Niliandika hivi:

"Hajati. Nimeweka jivu kwenye tangi. Samaki mmoja amekufa. Si ugonjwa wala uzee. Ni mimi. Kumi wako hai kwenye beseni. Majani ni mazima. Nimejua kosa. Odeta."

Hajati aliporudi nikampa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, pale mapokezi, neno kwa neno. Nilitaka sakafu ifunguke.

Akakunja karatasi.

"Bon. Na ile mingine, ya kwanza, nani aliua? Jivu iko wapi siku ile?"

Nikaokota ufagio nianze kufagia.

"Sha, nakuuliza. Umeandika vizuri, sasa ongea."

Nikaenda uani, nikarudi na shina moja la mistari nililokuwa nimelitupa na kamba moja ya mwonga iliyolowa. Nikaviinua mbele yake, kimoja kila mkono. La mistari likasimama. La mwonga likalala mkononi.

"Hili ni la kwenye chungu," nikasema. "Ukilizamisha linaoza, na uozo unaua samaki. Na maji ya bomba yakiwa mapya yana dawa, inawaunguza. Lazima yapumzike."

Zilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mbele yake.

Hajati akalitazama lile la mistari, akanitazama.

"Donc mi nilinunua ua ya veranda, nikalizamisha na pesa yangu."

"Ndiyo, Hajati."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

Nilingoja matusi. Akapumua tu. "Siku nyingine ukijua kitu na ukanyamaza, hapo ndio nitakufukuza. Ya jivu nimekusamehe. Rudi kazini. Wakwe wanakuja."

Nikatoa changarawe yote, nikaosha mara sita mpaka jivu likaisha. Nikapanda upya, majani sikuyapa mbolea yoyote. Kinyesi cha samaki kinatosha kuyalisha majani, hilo nililiona kwa macho. Kila siku mbili nilitoa ndoo moja ya maji, nikarudisha ndoo moja iliyopumzika.

Yale maji machafu sikuyamwaga. Nani aliyekulia kambini anamwaga maji? Niliyapeleka kwenye lengalenga zangu za kwenye mabidoni, pembeni ya jiko. Wakuu, ziliota majani kama viganja vya mwanaume. Mzee Saidi akaanza kuzichuma kimya kimya, nikajifanya sioni.

Siku ya wakwe ikafika.

Tangi lilikuwa kijani mpaka juu. Majani ya utepe yanacheza na hewa ya pampu, mikia ya paka imejaa nyuma kama msitu. Asubuhi ile, nikiwa nafuta kioo, nikaona kitu kama vumbi la machungwa kinatembea kati ya majani. Nikakaza macho. Watoto! Samaki walikuwa wamezaa. Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikapotea.

Wakwe wakaingia, wote watu wa Muyinga, wamevaa kanzu na vitenge. Wakasimama mbele ya tangi, hakuna anayekwenda kukaa. Baba mkwe, mzee mmoja mnene mwenye mashamba ya mpunga, akainama mpaka kofia ikagusa kioo.

"Eh! Hii si majani ya mwonga wetu? Hii sisi tunaing'oa kila mwaka kwenye mpunga, tunatupa!"

Hajati hakubabaika hata kidogo.

"Ego, mzee. Nyinyi munatupa, sisi tunaweka kwenye kioo."

Nyumba nzima ilicheka. Mzee ndiye aliyecheka zaidi, akawaita wajukuu waone shamba lake limehamia Gitega. Mezani waliletewa wali, nyama, na lengalenga zangu. Sahani ya lengalenga ilirudi jikoni tupu.

Tekinisiye naye alikuwepo, alialikwa. Alizunguka tangi mara mbili kisha akamuuliza Hajati, "Nani amekufanyia hii?"

"Yuko hapo. Muulize mwenyewe, iko na mdomo."

Akaja. Na mimi nikamweleza yote, nikimtazama usoni. Jivu, maji, jinsi ya kujua mmea wa maji. Alisikiliza bila kiburi, nisimseme vibaya. Mwisho akasema, "Dada, naomba vikonyo vichache." Nikampa kwenye chupa.

Jioni Hajati akaniita. "Nilisema omba. Haya, unataka nini? Simu?"

"Kiwanja cha nyuma."

"Kile cha matofali? Mtoto huyu! Chukua. Na mshahara wa mtunza bustani, siyo wa mfagiaji."

Matofali niliyatoa mwenyewe wiki nzima. Leo kuna lengalenga, nyanya, vitunguu, maua meupe ya bondeni pembeni kama nilivyopanda kwa macho, na matangi mawili ya sementi ya majani ya maji. Watu wa Gitega wenye matangi wanakuja kuchukua kwangu. Mama naye anachuma kule Muyinga na kunitumia.

Nilichojifunza wakuu: kitu ulichokiona kwa macho yako ni elimu, kiseme hata kama sauti inatetemeka. Na ukikosea, sema mapema, wakati samaki kumi bado wako hai.

Ile karatasi ya mkate Hajati ameibandika nyuma ya tangi. Ukisimama mapokezi ukachungulia katikati ya majani, unaisoma: "Ni mimi. Odeta." Wageni wanadhani ni jina la mwenye tangi. Hajati hawasahihishi.

Sasa naomba mnisaidie. Ule mmea wa mkia wa paka usio na mizizi, jina lake hasa ni lipi? Wateja wananiuliza, mimi nawajibu "wa Muyinga" tu. Anayejua aniandikie hapo chini, na mwenye maswali ya tangi aulize. Nitajibu wote, ila polepole.