Mkono wa Paskalina na Sanduku la Getanuwas

Vijana mtakaosoma haya, hasa nyinyi mnaotafuta kazi kwenye minara na vyumba vya mitambo, kaeni chini mnisikilize. Siandiki ili mnisifu. Naandika kwa sababu wifi yangu Paskalina alikwenda kazini na mikono miwili akarudi na mmoja, na sasa nawaona mnaingia vyumba vilevile mkitaniana. Nitaeleza kazi ilivyokuwa tangu siku yangu ya kwanza, kisha nitaeleza mkono ulivyokwenda.

Siku ya kwanza ilikuwa Gitting. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika ukungu mpaka kwenye mashamba ya viazi, na tope lilikuwa linavua watu viatu. Mkandarasi alikuwa anajenga mnara wa simu na kijumba chake cha mitambo, akahitaji watu wa kubeba mchanga na kokoto. Nilikuwa mjane mwenye watoto, shule yangu iliishia darasa la nne, na mgongo wangu ulikuwa mzima. Paskalina, dada wa marehemu mume wangu, alisema hataniacha niende peke yangu kwa wanaume wageni. Tukaenda wawili.

Msimamizi wa Gitting alikuwa mtu mfupi mwenye koti refu. Alitutazama akasema, "Kina mama, chai tunapikiwa na mtu mwingine."

Nikamwambia, "Hatukuja kupika chai. Tumekuja kubeba."

"Kubeba nini?"

Paskalina akamjibu, "Wewe una nini?"

Wanaume wakacheka. Akatupa saruji. Tulibeba saruji, tukabeba mchanga, tukabeba maji kutoka bondeni. Kijumba kilipokwisha vikaja vyuma vya ndani, na hapo Msimamizi akaanza kuchagua watu. Wanaume wenye nguvu aliwaacha nje. Alituita sisi wawili na wengine wachache. Alisema, "Kubeba, hata punda anabeba. Mimi nataka mtu anayejua kutua." Kutua ndiyo kazi yenyewe. Kitu cha chuma chenye nyaya ndani ukikitua kama gunia, umekiua, na pengine umejiua na wewe.

Niwaeleze raki ni nini, maana wengine mnaisikia tu. Ni fremu ndefu ya chuma, mfano wa kabati lisilo na mbao, yenye nguzo zilizotobolewa matundu ya mraba kutoka chini hadi juu. Kwenye matundu hayo unabana nati ndogo zenye kijumba cha bati, halafu chombo kinakaa katikati ya nguzo na skrubu zinakikamata kwa masikio yake ya pembeni. Humo ndimo zinamokaa swichi na ruta, masanduku yanayogawa mawasiliano kwenda huku na huku, na betri za kuyalinda umeme ukikatika.

Raki ikiwa tupu inaonekana kitu cha kusukuma kwa kidole, na kweli inasukumika. Ndiyo maana Msimamizi hakuruhusu mtu aweke hata skrubu moja kabla raki haijafungwa sakafuni kwa bolti na kupimwa kwa pima maji kwamba imesimama wima. Alisema, "Nguzo isiyochimbiwa haifungwi dume." Baada ya hapo unapakia kuanzia chini. Betri chini kabisa, kwa sababu ndizo nzito. Kizito kinachofuata, juu yake. Vyepesi juu. Ukiweka kizito juu na chini pako wazi, raki itakuinamia siku utakayovuta chombo kukitengeneza, na haitakuuliza jina.

Kutoka Gitting tulihamishiwa kijiji cha Daudi, na huko tukakuta mkubwa mwingine, Fundi Mkuu. Alitoka mkoa wa mbali, Mwislamu, mtu wa sala na wa sauti ndogo. Baridi ya Daudi ilimtesa; alivaa masweta mawili na bado akawa anapuliza vidole. Lakini kazi aliijua na aliifundisha bila matusi. Yeye ndiye aliyetufundisha kupunguza uzito kwanza: kabla hamjainua swichi kubwa, toeni ndani yake visanduku vya umeme, toeni feni, toeni kadi, inueni gamba tupu, mvirudishe likishakaa. Alitufundisha tusishike kishikio cha kisanduku cha umeme, kwa kuwa hicho ni cha kuvutia kisanduku chenyewe tu. Ukiinulia chombo kizima, kinachomoka na wewe unabaki nacho mkononi kama mkia wa mjusi. Shika chini, kwenye mwili wa chombo. Piga magoti, usiinamishe mgongo. Na vidole visipite kati ya chombo na nguzo, isipokuwa pale unapokisogeza ndani, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa ajili ya hapo alikuwa na utaratibu wa maneno. Wawili wanainua, mmoja kila upande. Wa tatu anasimama mbele na bisibisi. Wa kushoto anasema, "Nimeshika." Wa kulia anasema, "Nimeshika." Wanainua, wanaingiza. Wa tatu anakaza skrubu za chini, halafu za juu, anatikisa, ndipo anasema, "Achia." Kabla ya neno hilo hakuna anayeachia, hata akiwashwa na pua. Mimi nilipewa bisibisi. Neno la kuachia likawa langu. Kushoto alikuwa Bura, kulia Paskalina.

Bura alikuwa kijana wa kwetu Mbulu, mrefu, mwenye mikono kama miiko ya kugeuzia ugali wa harusi. Alikuwa ameoa huko Getanuwas, kwa wafugaji, na ndoa ilikuwa imeingia mchanga. Mkewe alikuwa amerudi kwa baba yake. Bura alikwisha kutuma wazee mara kadhaa, wakarudi na jibu moja: baba mkwe anasema mkwe wake hana heshima, alipita bomani kwake bila kusimama. Paskalina alimtania sana kwa hilo.

"Bura, ulipita mbio, ulikuwa unafukuzwa na fisi?"

"Nilikuwa nawahi gari, mama."

"Basi lala na gari."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Tulipoambiwa kazi inayofuata ni Getanuwas, njia nzima alikuwa akitazama nje ya gari.

Chumba cha Getanuwas kilikuwa kidogo, mlango mwembamba unaotazama njia ya ng'ombe. Jeki ya kuinulia mitambo tulikuwa nayo, ila haikupita mlangoni. Fundi Mkuu akapima, akapima tena, akasema tutainua kwa mikono kama siku zote. Akatuonya kama siku zote: simu zizimwe, mizaha iishe, viatu vya wazi vibaki nje. Raki ilikuwa imefungwa vizuri. Betri zilikuwa chini. Swichi ilikuwa ya aina kubwa, na hata baada ya kutoa vya ndani ilibaki na uzito wa mbuzi dume wawili. Nafasi yake ilikuwa usawa wa kifua cha Paskalina.

Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto. Fundi Mkuu alikwenda nyuma ya raki kuzivuta nyaya zisibanwe. Mimi mbele na bisibisi.

"Nimeshika," akasema Bura.

"Nimeshika," akasema Paskalina.

Wakainua. Ukingo wa nyuma ukaingia kwenye raki, ukaegemea kidogo, wakaanza kusogeza. Hapo mwanga ukapungua. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, shuka begani, fimbo mkononi. Alikuwa amesikia mkwe wake yuko hapa, akaja kumwona kwa macho yake. Akaita kwa utulivu, "Bura." Akanyoosha mkono.

Nyinyi mnaokaa mijini labda hamwelewi. Kwetu, na kwao zaidi, mkono wa mkubwa ukinyooshwa hauachwi ukining'inia. Mkono wa baba mkwe ndiyo kabisa. Na haupokewi kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono mmoja ni salamu ya mtu na mwenzake. Bura alikuwa amesubiri mkono ule miezi na miezi. Sidhani kama aliamua. Mwili wake uliamua. Alisema, "Shikamoo baba," mkono wa kulia ukatoka kwenye sanduku, na wa kushoto ukaufuata.

Mzee akajibu, "Marahaba."

Kisha chuma kikalia. Upande wa kushoto ulidondoka, sanduku likajipinda, na upande wa kulia ukaukandamiza mkono wa Paskalina kwenye nguzo. Angeweza kuuchomoa pale sanduku lilipoanza kuyumba. Nilimwona. Alikuwa ananitazama mimi usoni, akisubiri neno. Sikuwa nimelisema. Yeye alitii.

Hakupiga kelele. Alisema, "Wifi," basi.

Fundi Mkuu alitoka nyuma, tukainua. Bura aliinua, mimi niliinua, na mzee yule alitupa fimbo chini akaingia akainua pamoja nasi. Gari lilitupeleka hospitali. Njia nzima Bura aliushika mkono ule katika kanga yangu, na Paskalina alimwambia mara moja tu, "Usinibane." Daktari alijaribu kuuokoa. Baadaye akatuita nje, akatuambia ataukata juu kidogo ya kifundo. Ulikuwa wa kulia.

Yaliyofuata ndiyo magumu zaidi kueleza. Tulikaa kikao pale Getanuwas, na hakuna aliyeweza kumnyooshea Bura kidole. Mtu utamshtaki kwa kumsalimu baba mkwe? Fundi Mkuu alikaa juu ya kreti tupu, sweta lake limejaa vumbi, akasema, "Niliwakataza simu. Niliwakataza mizaha. Ningewakatazaje adabu?"

Mzee alikuja kikaoni bila kuitwa. Akasema, "Kwangu, mwanamke akiwa anakamua, simpi mkono. Nasubiri ainuke. Mimi nilidhani nimekuta mtu na sanduku tu. Hakuna aliyeniambia kwamba huku nako kuna kusubiri."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na halikuturudishia kitu.

Siku chache baadaye mke wa Bura alirudi kwake. Baba yake alisema mkwe aliyeacha kazi ya watu akampokea kwa mikono miwili hawezi kunyimwa mke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bura aliacha kazi ya raki. Kila msimu wa kulima anakuja na ng'ombe wake, analima shamba la Paskalina kabla ya lake. Paskalina hamfukuzi. Hamshukuru pia. Anamtolea uji, anauweka chini, anaondoka.

Wifi yangu hakamui tena. Anapalilia kwa mkono mmoja na jembe la mpini mfupi, safu moja kwa siku nzima. Lakini kinachomuumiza kuliko jembe ni watu njiani. Mkono wa kushoto haupewi mtu, hilo alifundishwa tangu mtoto. Kwa hiyo anatoa kile kigutu. Wengine wanakishika. Wengine mkono wao unafika nusu ya njia, unarudi. Watoto wa jirani wamejifunza kumwamkia kwa mbali, na mama zao wanawasifu kwamba wana adabu.

Mimi niliendelea na kazi, kwa kuwa watoto walikuwa wanakula. Lakini Fundi Mkuu alibadilisha utaratibu. Tangu siku ile, kila chumba tulichoingia, mtu mmoja alisimama nje ya mlango kazi yake ikiwa kupokea salamu. Alinipa mimi kazi hiyo. Alisema mimi ni mtu mzima, hakuna atakayenipita. Nilisimama Daudi kwenye upepo, nilisimama kando ya barabara za vumbi huko Hanang, na kila aliyekuja, diwani, mwalimu, mchungaji, mama mwenye kuni, nilimsalimu kwa niaba ya walio ndani. Wengine walikasirika. Mmoja aliniambia, "Bibi, hao ndani ni wafalme?" Nikamwambia, "Ni watu wenye mzigo. Subiri." Akasubiri.

Hakuna aliyenistaafisha. Magoti ndiyo yalinistaafisha, siku niliyoshindwa kusimama mpaka chombo kikae. Fundi Mkuu alinipeleka nyumbani kwa gari la kazi, akaniaga kwa heshima zote, akaondoka. Sasa nakaa kwangu. Natafakari. Watu huniuliza kama nawachukia wazee wanaodai salamu. Mimi mwenyewe ni mzee na nadai salamu. Mtoto asiyeamkia sili naye. Lakini nimeona kwamba adabu ikiachwa ijiendee yenyewe, haiangalii imemkuta nani ameshika nini. Lazima mkubwa aiongoze, kwa sababu mdogo hawezi kuikataa.

Juzi mke wa mjukuu wangu alikuwa anaepua sufuria ya makande, ile kubwa ya shughuli, inachemka. Shemeji yangu mkubwa akaingia uani. Yule binti alipomwona akaanza kukunja magoti na sufuria mikononi, na shemeji naye tayari ameshanyoosha mkono. Nilipaza sauti nisiyoitumia siku hizi. Binti akasimama palepale. Akaitua sufuria. Nikawaita wote waliokuwa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, shemeji naye nikamwambia akae asikie, nikatoa amri, na ndiyo inayofuatwa kwangu hadi leo: "Katika boma hili aliyebeba hasalimii, na asiyebeba asinyooshe mkono. Mwenye mzigo atatua kwanza, na mgeni, hata akiwa mzee kuliko mimi, atasimama mlangoni na mkono wake chini ya shuka mpaka asikie umetuliwa."