Mama Vainqueur na Shimo la Njia ya Fizi

Kwenye barabara inayopanda kutoka mjini Baraka kwenda Fizi-Centre palikuwa na shimo ambalo madereva waliliita Bureau, yaani ofisi. Waliliita hivyo kwa sababu, walisema, ukifika pale unaambiwa keti, ngoja, na hakuna anayejua utatoka saa ngapi. Wakati wa mvua lori la Fuso lililala humo hata siku mbili. Wakati wa kiangazi tope lilikauka juujuu tu, dereva mgeni akadanganyika, akaingia kwa mbwembwe, na gari likazama mpaka tumboni. Vijana wa kijiji walisukuma kwa malipo. Mbuzi walitazama. Na hatua ishirini kutoka hapo, chini ya mabati manne yaliyoshikiliwa kwa mawe, Mama Vainqueur aliuza chakula.

Jina lake la ubatizo ni Émilienne, lakini tangu amzae kifungua mimba wake Vainqueur, anayelikumbuka ni mumewe tu, Mwalimu Raphaël, na hata yeye hulitumia siku akiwa na jambo zito la kusema. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Alianza miaka kumi na moja iliyopita na sufuria mbili na benchi moja la kuazima kanisani, ambalo mchungaji bado analiulizia kila Pasaka. Wahenga walisema kufa kufaana. Sisi wa huku tunaongeza kwamba hata kukwama kunafaana, maana watoto watano wa nyumba ile wamesoma kutokana na tope.

Alipika vizuri, au ndivyo alivyoamini. Majani ya muhogo ya kupikia sombe aliyababua kwanza motoni, akayatwanga mpaka yakalainika kabisa, kisha akatia mawese na ndagala, dagaa wa huku, na kuyaacha yachemke polepole tangu alfajiri. Bugali yake ya muhogo ilikuwa laini na haikushika mkono. Bertin, dereva mmoja mnene wa Baraka aliyepanda na kushuka na Fuso yake karibu kila siku, alikuwa akijilamba vidole na kutangaza mbele ya wote: "Mama Vainqueur, sombe kama hii haiko hata Bukavu!" Na Mama Vainqueur, ambaye hajawahi kufika Bukavu, alikubali bila ubishi.

Basi ikaja arusi ya mpwa wao huko Baraka. Wanawake walikuwa wameketi uani wakichagua mchele, na mmoja akamsifu Mama Vainqueur kwa sombe yake. Georgette, dada ya Raphaël, mwenye mgahawa wa viti vya plastiki na televisheni karibu na soko, akacheka mpaka ungo ukamtikisika mikononi.

"Ee, bateja yake ni bafungwa!" akasema. "Muntu gari yake iko ndani ya matope, ataenda kula wapi? Hata ungemupikia majani ya ndizi atakula, na aksanti atasema."

Uani kote wakaangua kicheko. Mama Vainqueur naye alicheka, tena kwa sauti, kwa sababu ukichomwa mwiba mbele za watu hulii. Georgette si mtu mbaya. Ana ulimi tu, na katika ukoo ule ulimi ni mali ya wote. Lakini neno lile halikubaki Baraka. Lilipanda naye pikipiki mpaka nyumbani, likaingia naye jikoni, na kila alipokoroga sufuria alilisikia.

Akaanza kuwachunguza wateja. Huyu gari lake limezama. Yule anamngoja wa mbele aondolewe. Bamotari, wale waendesha pikipiki za abiria, ambao walijua kupita pembezoni mwa shimo bila kulowa, hawakusimama hata siku moja; walipiga honi wakapotea. Alijaribu kumkumbuka mtu mmoja, mmoja tu, aliyekula kwake katika miaka kumi na moja huku akiwa na uwezo wa kuendelea na safari. Hakumpata. Wahenga hao hao walisema kizuri chajiuza, naye hakujua tena kama kilichojiuza ni chakula chake au ni shimo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya salongo, kazi ile ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Placide, msimamizi wa barabara, alikuja na majembe na watu wake kuziba Bureau kwa mawe, kama mwaka jana na mwaka juzi. Kila mwaka waliyamwaga mawe, wakashangilia, na kila mwaka baada ya mwezi shimo liliyameza yote likataka mengine. Mama Vainqueur aliwatazama wakibeba, kijiko mkononi. Alijua jambo ambalo wao hawakulijua. Akaweka kijiko chini.

"Papa Placide, mutamwaga mawe mupaka Yesu arudie. Ile maji haitoke mu mvua. Inatoka chini."

"Chini wapi, mama?"

"Kuya nikuonyeshe."

Akampeleka nyuma ya migomba, juu kidogo ya barabara, kwenye chemchemi ndogo alikochota maji ya kuoshea vyombo. Maji yalitiririka hatua chache, yakazama ardhini, na kutoka hapo mstari wa nyasi mbichi uliteremka moja kwa moja hadi barabarani, hata kiangazi. Placide alichuchumaa akautazama mstari ule kwa muda mrefu.

"Mama, ulijua hii tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na ulinyamaza?"

"Nilikuwa napika."

Usimlaumu haraka. Wewe mwenyewe, kama mkate wako ungekuwa unatoka shimoni, usingekimbilia kulifukia.

Nyumbani jioni Raphaël alimwita kwa jina la ubatizo, naye akajua jambo zito limekuja. "Émilienne, unakata tawi yenye tunaikalia."

"Najua, Mwalimu. Lakini mi nataka kujua kama mi ni mupishi ao mi ni jirani ya matope."

Mwalimu ana adabu moja nzuri: akizidiwa kwa hoja, hanyanyui sauti. Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenyewe na jembe.

Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Walichimba mfereji wa kuyakinga maji ya chemchemi juu ya barabara, wakakata vitako vya mapipa manne ya zamani, wakayaunganisha na kuyalaza chini ya njia ili maji yapite humo. Mapipa mawili yalikuwa ya Mama Vainqueur. Wanawake walibeba changarawe kutoka mtoni wakiimba nyimbo za kanisani, wakichomeka humo majina ya waume wavivu. Vijana wa kusukuma magari walinuna wiki nzima, wakampita mama bila salamu, mpaka Placide alipowaandika wao kuwa wasafishaji wa mfereji, kwa malipo. Hapo salamu zikarudi, tena na vicheko.

Siku njia ilipofunguliwa, Mama Vainqueur aliamka mapema kuliko kawaida na kupika sufuria kubwa kuliko zote. Alifagia uwanja, akafuta benchi la mchungaji mara mbili. Mnamo saa nne Fuso ya Bertin ilitokea kwenye kona. Ilipita juu ya mapipa bila hata kutikisika. Bertin alitoa mkono dirishani akipiga honi mara tatu. "Bureau imefungwa!" akapaza sauti, akicheka kwa furaha ya kweli, na akaenda zake. Kilichobaki kilikuwa vumbi.

Wengine walipita vilevile. Siku ya pili, vilevile. Nyumbani walikula sombe asubuhi, mchana na usiku. Raphaël alibeba bakuli hadi shuleni akarudi na sifa za walimu wenzake. "Wanasema tamu sana," akamweleza.

"Wewe ni bwana yangu, na bale ni barafiki yako. Hamuhesabiwe."

Siku ya tatu alipika sufuria ndogo, na hata hiyo haikuisha. Ilimuuma. Angeweza kurudi kulima shamba la mama yake, au kutengeneza sabuni ya mawese kama wanawake wengine, na watoto wasingelala njaa. Kilichomuuma ni kwamba Georgette alikuwa amesema kweli mbele ya watu, na yeye mwenyewe ndiye aliyechimba mfereji wa kuithibitisha. Alimwambia mumewe kwamba kesho atapika kwa mara ya mwisho, amalize ndagala zilizobaki, kisha abomoe mabati.

Siku ya nne jua lilikuwa limeshapinda utosini alipoisikia Fuso ikipanda kutoka Baraka. Hakuinua kichwa. Ngurumo ikashuka, ikakatika. Alipotazama, gari lilikuwa limesimama juu ya mapipa hasa, na kabla hajafikiri alishakuwa barabarani anapiga kelele: "Bavijana! Kuyeni musukume!"

Bertin akateremka polepole akijifuta jasho.

"Gari imekufa?" Mama Vainqueur akauliza.

"Haiyakufa. Iko muzima."

"Gurudumu?"

"Magurudumu yote iko muzuri, mama."

"Sasa unasimamia nini katikati ya njia?"

Bertin alikuna kichwa, akawa kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. "Mama, mi nilifurahi na barabara. Siku tatu nakula ku Baraka mbele ya kuondoka, nafika Fizi mapema, nasema aksanti Mungu. Lakini leo asubui nimekaa ku meza, balileta sahani, nikaitazama, nikasimama nikaenda. Nimepita mu restora zote na njaa yangu mupaka hapa. Sombe iko?"

Mama Vainqueur alikaza kitenge kiunoni, akaenda akafunua sufuria, akaifunika tena, na machozi yakamtoka wazi wazi, hakuyaficha.

"Sombe iko," akasema. "Lakini bugali imepoa. Usisingizie haraka leo, utaniona. Ngoja nikupikie ingine ya moto."

"Nitangoja," akasema Bertin.

Akasogeza gari pembeni ili wengine wapite, akavuta benchi kivulini, akaweka funguo mezani, na akakaa.