Jina Lililopigwa Marufuku

Mama Donatus wa Ngokolo alipewa jina la Vumilia alipozaliwa, na jina hilo limemtesa. Tangu mama mkwe wake, Bibi Paskazia, aanze kusahau, kila anayekuja kumjulia hali humshika mkono mlangoni na kumwambia, "Vumilia." Mwanzoni alikuwa akiitika. Siku hizi anawatazama tu.

Paskazia mwenyewe, kichwani mwake, anaishi Ushetu ya miaka ile, akiuza tumbaku. Nguo zikianuliwa anazifunga mafungu, kaptula za Donatus anazipa daraja la kwanza, na mkwewe anamwita Karani, kama yule wa kununua tumbaku. Karani akibisha, bibi anagoma kula. Mwaka mzima Vumilia amebishania daraja la sidiria zake mwenyewe. Nacheka mimi jirani. Yeye alikuwa amechoka vibaya na hakuwa na wa kumwambia.

Ndipo shoga yake Juliana akamuunga kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaouguza wazee nyumbani. Kiongozi wake ni Marcel wa Kagongwa, mtu wa karasha, anayesaga mawe ya dhahabu mchana na jioni anamlisha baba yake uji. Marcel alichoshwa na kuambiwa avumilie, akaweka sheria moja: atakayeandika "vumilia" anatolewa papo hapo. Mwinjilisti mmoja alishatolewa.

Basi bibie akajitambulisha: "Shikamooni wakubwa. Naitwa Vumilia." Akatolewa. Juliana akamrudisha, akaandika kumtetea kwamba Vumilia ni jina la mtu. Wakatolewa wote wawili.

Hapo Vumilia alipandwa na hasira, akamtumia Marcel ujumbe wa sauti.

"Kaka Marcel, nyumbani naitwa Karani. Mlangoni jina langu wamelifanya pole. Na wewe umelipiga marufuku. Nimechoka, kaka, na sina hata jina la kuchokea."

Marcel alizima karasha ili asikie vizuri, na wanaomfahamu wanajua hilo si jambo dogo. Akawarudisha wote wawili, akatangaza kuwa sheria inabaki, ila mwenye jina lake aachwe nalo. Watu wakaanza kumuuliza Vumilia habari zake. Ritha wa Kahama, anayemuuguza baba yake, akamshauri aache kubishana: bibi apange nguo apendavyo, yeye akubali ukarani. Siku hiyo Vumilia akakaa mkekani na kalamu sikioni, akasifia kila fungu. Bibi akala ugali wote.

Jumatano iliyopita, katikati ya kupanga mashuka, Paskazia alimtazama mkwewe usoni.

"Vumilia," akasema.

Kama alikuwa anamwita au anampa pole, hakuna ajuaye.

"Abee, mayu, mama yangu," Vumilia akaitika, machozi yakimwagika kwenye shuka.

"Karani, unalowanisha tumbaku."

Vumilia alipolisimulia hilo kundini, watu waliliandika lile neno la marufuku kutwa nzima, hakutolewa hata mmoja. Wa kwanza kuliandika alikuwa Marcel.