Foleni Iko Ukutani

Mwaka wa pili huu mvua hakuna, na Mama Uzi bado yuko kwenye cherehani yake. Wateja hana, vitambaa anavyo tele. Kibanda chake kinapakana na tangi la maji ya msaada, na kila nyumba ya mtaa ina kitambaa chake pale ukutani. Hujachota, kinaning'inia kamba ya juu. Umechota, anakishusha kamba ya chini. Watu wanakaa kwao, wanaitwa kwa zamu. Zamani walikuwa wanapigana madumu ya kichwa. Sasa hata matusi yameadimika.

Hapo ndipo palipoharibika. Mkaguzi wa shirika alifika saa sita mchana, akakuta tangi halina mtu. Watu wa ofisini ukiwapa utaratibu wanadhani huna shida. Wanaelewa fujo tu.

"Naona hapa mmetulia," alisema huku anaandika. "Lori la maji lije mara moja kwa wiki. Wengine wana hali mbaya zaidi."

Mara moja, badala ya tatu! Mama Uzi alishika ukingo wa meza.

Wifi yake akamvuta pembeni. "Nipe dakika tano tu. Nakuletea watu mia na madumu, na mmoja azimie."

"Nani azimie?"

"Mimi. Nina kipaji."

"Kaa chini, wifi. Siku tukizimia kweli atatucheka."

Akamgeukia mkaguzi. "Kaka, foleni ipo. Iko ukutani."

Akamweleza kamba zote mbili. Mkaguzi akahesabu vya juu: hamsini na tatu. Mama Uzi akachukua mkasi, akagonga tangi kwa mpini wake, kuanzia juu akishuka. Likalia tupu, tupu, tupu, mpaka usawa wa goti.

"Maji ni haya. Nyumba kumi, labda."

"Na hiki cheusi, cha mwisho kabisa?"

"Changu."

"Si wewe ndiye msimamizi?"

"Ndiyo maana."

Mkaguzi akafuta alichoandika. Mara tatu ikabaki mara tatu.

Lori liliporudi, mtaa mzima ulikuwa umejipanga na madumu, eti waonekane wana shida. Mbele kabisa, wifi.

"Nani kakuita?" Mama Uzi aliuliza. "Kitambaa chako kiko wapi?"

"Maji sitaki, dada. Nimekuja kuzimia tu."

"Kazimie nyumbani. Zamu yako ikifika nitakuita."

Wakarudi makwao wanacheka, na yeye akaita kitambaa cha kwanza.