Chungwa la Kijani la Duka la Ami Seif

Kompyuta ya Ami Seif ilikuwa inanuka. Waache watu waseme kompyuta hainuki; ile ilinuka vumbi la kukaangwa na udi, maana ami alikuwa anaifukiza kila asubuhi kama bi harusi kabla hajaiwasha. Nzito vile, walipoileta mtaani kwetu Mabawa, Tanga, walihitaji wanaume sita na dua. Duka lenyewe dogo, ukipiga chafya kadi za harusi zinaruka mpaka barabarani. Tulikuwa tunachapisha kadi na karatasi za kubandika kwenye bidhaa, na picha zote zilitoka kwenye sidii moja kuukuu: mawaridi, njiwa, keki, matunda, kila kitu kina rangi moja bapa kama kimepakwa chokaa. Kazi yetu kuzipa uhai. Unabonyeza kile kialama jirani na cha ndoo ya rangi, unachagua rangi mbili kati ya vile vijisanduku vilivyopangwa safu safu, unavuta mstari kwa mausi, basi ya kwanza inaingia taratibu kwenye ya pili, kama chai inavyopokea maziwa. Sisi tuliita kuyeyusha. Mimi shule niliishia darasa la pili, kusoma siwezi, lakini vialama vyote nilivijua kwa makao yake kama unavyowajua majirani. Na kiti cha mbele ya kompyuta kilikuwa changu, kimeshashika umbo langu kabisa.

Likizo moja akaja Zuhura, binti wa shangazi yangu, kutoka Mkwaja, na ndoo yake ya dagaa. Siku ya tatu tu akayeyusha waridi, wallahi nyuki akaingia dukani akatua kwenye kioo cha kompyuta. Ami akaita mtaa mzima uje uone. Mama muuza vitumbua akaja na mwiko mkononi, akasema, "Mwanaidi, mwenzio ana mkono wa malaika, wewe ulikuwa unatupakia rangi tu!" Nikacheka kwa meno yote thelathini na mbili, lakini wali wa mchana ule niliuona una mchanga. Ikawa nikimsikia anabonyeza mausi, kila kubonyeza ni sindano. Hata dagaa wake niliwachukia, na walikuwa watamu.

Ndipo akaja Mzee Mhina, mkulima wa Muheza, anataka karatasi zenye picha ya chungwa abandike kwenye matenga yake. Ami akasema, "Hii ya Zuhura. Mzee akiipenda, kiti ni chake likizo nzima. Mwanaidi atakata karatasi." Mimi! Mkasi! Zuhura akalitoa chungwa la kwenye sidii, akaliyeyusha kutoka rangi ya moto mpaka njano, likang'aa hata ungevaa miwani ya jua. Adhuhuri ami akaenda msikitini, Zuhura akaenda kula, nikaambiwa nilinde duka. Nikalinda kweli. Nikaketi kwenye kiti changu, nikamwaga kijani juu ya lile chungwa, nikakiyeyusha kwenye njano ya mgonjwa, kisha nikatia baka la kahawia karibu na kikonyo, ili lionekane limeoza kabisa. Nikahifadhi, nikarudi kwenye mkasi, nikaanza kupiga miayo kama mtu asiye na dhambi.

Mzee Mhina alirudi pamoja na ami na Zuhura, ana haraka, ami akachapisha bila hata kutazama. Mashine ikalia kama punda aliyekataa mzigo, karatasi ikatoka. Ami alipoiona jasho likamtiririka. "Mzee, samahani, hawa watoto…" Moyoni mwangu ngoma inapigwa. Mzee Mhina akaipeleka karatasi mlangoni penye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Samahani ya nini, Seif? Miaka yote wananichorea machungwa ya Ulaya, mekundu kama yamepigwa makofi. Hili limetoka shambani kwangu, yetu huiva na ukijani wake! Hata baka lake limo! Nani kafanya?"

"Huyu, mpwa wangu Zuhura," ami akajibu, sura imeshamrudia.

Zuhura akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama vidole vyangu. "Ni mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikaushika mkasi wangu. Niseme nini? Kwamba ni langu, nililitengeneza ili limharibie? Kumwonea mtu wivu kwa kazi yake nilishazoea. Siku ile nilimwonea wivu kwa kazi yangu mwenyewe. Nikakata karatasi likizo nzima, zikatosha kuifunika Tanga yote mpaka Pangani.

Leo Zuhura ana duka lake Muheza, na chungwa lile liko kwenye bango mlangoni. Siku hizi unapaka picha rangi kwa kidole kwenye simu, mjukuu wangu anayeyusha simba huku anakula muhogo, na mimi bado nikipita penye bango lile nageuza shingo nisilione. Juzi nilimpelekea Zuhura kadi ya harusi ya binti yangu aichapishe. Akafunga mlango kidogo, akaniuliza polepole, "Dada Mwanaidi, kijani kile ulikitoa wapi? Faili lilikufa na kompyuta ya mjomba Seif. Miaka yote nakitafuta, sikipati." Nikamtazama: mvi, miwani, mashine nne nyuma yake, na jicho lake ndilo jicho langu la wakati ule.

Nikamwambia nimesahau. Safu ya tatu, kijisanduku cha pili kutoka kushoto. Ninyi nimewaambia, yeye asisikie.