Rangi Nyekundu Mgongoni mwa Sterilaiza

Saa tatu unusu asubuhi, kinyozi amesimama nyuma ya kiti chake, mashine mkononi, na macho yako mlangoni. Si habari njema kwa mzee aliyefungwa shuka shingoni.

"Taratibu, unaninyoa au unanipiga chapa?"

"Tulia, mzee. Kichwa chenyewe kina mabonde."

Taratibu ndilo jina alilobatizwa na wateja, kwa sababu kichwa ambacho wenzake wanakimaliza kwa dakika kumi, yeye anakizunguka ishirini na tano. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, kiti kimoja na vioo viwili. Siku ikiwa nzuri hunyoa vichwa kumi na vitatu. Leo yuko kwenye cha pili, na ameshaitazama saa ya ukutani mara nne.

Saa nne mkaguzi wa afya anarudi.

Rafuni kimekaa kisanduku cha chuma chenye mlango wa kioo na taa ya bluu ndani. Vinyozi wanakiita sterilaiza. Baada ya kila kichwa, mashine inaingizwa humo, taa inawashwa, vijidudu vinakufa. Ndivyo Taratibu alivyoambiwa dukani, na ndivyo naye alivyowaambia wateja kwa miaka mitatu. Alikinunua kwa malipo ya vichwa mia mbili.

Leo taa imezimwa. Mlangoni pamebandikwa karatasi ya serikali: KISITUMIKE.

Karatasi hiyo iliachwa wiki iliyopita na mkaguzi huyo, mama mmoja mpole. "Na wapole ndio wa kuogopwa," ananiambia Taratibu, nami nasubiri zamu yangu. Alidhani amekuja kuulizia bei ya kunyoa mtoto. Mama hakuuliza bei wala leseni. Alikigeuza kisanduku.

"Namba iko wapi?"

"Namba yangu ya simu?"

"Ya kiwanda, kaka yangu."

Akamweleza polepole. Dawa ya kuulia vijidudu hupimwa na kusajiliwa kabla haijafika dukani. Kifaa kama hiki hakisajiliwi hivyo, lakini sheria inataka kitoke kwenye kiwanda kinachojulikana, namba ya kiwanda iandikwe juu yake, na kisijisifu kuua vijidudu kisivyoweza kuviua.

"Bila namba sijui nimuulize nani," alisema. "Huenda ni taa ya kweli. Huenda ni balbu ya bluu tu, kama ya ukumbi wa harusi."

Na mgongo mzima wa kisanduku ni mwekundu. Aliyekipaka rangi ni Taratibu mwenyewe, wiki ile ile alipokinunua, ili kifanane na kiti.

"Nilitaka kipendeze," anasema. "Kama kulikuwa na maandishi, sikumbuki. Naapa sikumbuki."

Alipewa siku saba aikwangue rangi. Ni kazi ya dakika tano. Leo ndiyo siku ya saba, na hajaigusa.

Anachoogopa si faini. Anachoogopa kimeketi kwenye benchi karibu na mlango, kinakula karanga: shemeji yake, kaka wa mkewe.

Miezi miwili iliyopita alimkata nyuma ya sikio. Tone moja la damu, wakacheka. "Ukinikata tena namrudisha dada yangu nyumbani," shemeji alimtania. Lakini kabla yake kitini aliketi mtu mwenye vidonda kisogoni.

"Mashine niliiweka kwenye taa," Taratibu ananinong'oneza. Anairudia kauli hiyo mara tatu. "Namba ikiwepo, nitalala. Isipokuwepo, basi miaka yote hii nimenyoa watu kwa imani tu. Wanangu nawanyoa mimi. Na mimi mke wangu ananinyoa kwa mashine hiyo hiyo."

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Hawakusema kama analala.

"Shemeji," sauti inatoka kwenye benchi, "mbona tangu asubuhi unanitazama kama maiti?"

Taratibu anazima mashine. Kisha anamweleza yote: karatasi, rangi, mtu wa vidonda. Karanga zinakoma kutafunwa.

Shemeji anainuka, anafungua wembe mpya, anamkabidhi. "Kwangua."

Rangi inadondoka vipande vipande sakafuni, juu ya nywele. Pembe ya kwanza, hakuna. Katikati, hakuna. Mpaka ukingoni chuma kiko kitupu, laini kama kipara. Hakuna namba, hakuna hata alama ya gundi ya lebo.

Shemeji anajigusa nyuma ya sikio. "Tunakwenda kupimwa," anasema.

"Nani?"

"Wote. Mimi, wewe, dada yangu, watoto. Leo hii, mkaguzi akishaondoka na hilo pambo lako."

Taratibu anaitikia kwa kichwa. Ananiambia atamtajia mkaguzi duka lililomuuzia. Atanunua kingine, namba ikitazama wateja, hata kama rangi yake ni mbaya. Kwa sasa analowesha meno ya mashine kwenye dawa aliyoelekezwa na mkaguzi, dakika kumi baada ya kila kichwa. Na kila mteja wa zamani atamwambia kwa kinywa chake mwenyewe.

"Naanza na wewe, mzee," anamwambia aliyeko kitini, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. "Umesikia yote. Nenda kapime."

Mzee anajitazama kiooni. Hawezi kutoka nje hivyo alivyo.

"Malizia," anasema, na kufunika masikio yote mawili kwa viganja.